"Mimi" Si Jina

Bi Zeyana alifariki Jumatatu, mwezi wa saba,
Al-Khodh ikiwaka digrii arubaini na sita kivulini.
Niliwaandikia ukoo mzima, majina tisini na moja,
kutoka kwenye seva yangu, kiboksi cheusi
kinachokaa stoo, baina ya katoni za tende
na mashine ya kufulia.
Nikaamini zimefika.

Kwenye khitma mikeka ilibaki na nafasi.
Thuweini wa Al-Ain hakuja.
Siku ya nane akapiga simu, sauti imemkauka:
"Barua yako nimeikuta kwenye kapu la taka,
baina ya mtu anayeuza vidonge vya kukonda
na mwingine, simjui, aliyeniachia urithi."

Kumbe barua nayo hupiga hodi.
Mlangoni huulizwa: nani?
Na seva yangu, miaka miwili mizima,
ilikuwa ikijibu kama mtoto wa jirani: "Mimi."

"Mimi" si jina.

Nikaketi na birika la kahawa, nikaanza kuandika rekodi.
Ya kwanza: nani ana ruhusa kubeba barua kwa jina letu.
Nikataja namba moja tu, ya kiboksi changu.
Mwisho wa mstari nikasita baina ya kiwimbi na kistari:
kiwimbi husema, asiyetajwa mtilie shaka;
kistari husema, asiyetajwa mrudishe.
Mama yangu angeweka kiwimbi,
na wali angempakulia.
Mimi niliweka kistari.

Ya pili, muhuri.
Ufunguo wa siri ukabaki stoo na tende,
wa hadharani ukatundikwa kila mpita njia ausome,
msururu wa herufi zisizotamkika,
mrefu kuliko mstari unavyoruhusu.
Nikaukata vipande viwili, doti moja,
kama kanga.

Hapo nikakosea.
Nilisahau nukta mwisho wa jina,
nukta moja, kama kinyesi cha inzi,
jina likajishonea mkia wake lenyewe,
kama mtu anayejitaja bin baba yake bin baba yake
asifike kwa babu.
Adhana ya alfajiri ilinikuta bado naitafuta.

Ikabaki ile nisiyoweza kuiandika mwenyewe.
Jina kuelekeza kwenye namba, hiyo kazi yangu;
namba kurudi kwenye jina,
sharti aseme mwenye namba, kampuni ya simu.
Kujitaja hakutoshi. Utajwe.
Hili sisi tuliorudi hatufundishwi:
baba alishuka Maskati na nasaba yote kichwani,
mababu kumi na mmoja bila kumeza mate,
akaambiwa, vizuri, sasa lete wa kukushuhudia.

Nikapiga simu. Kijana akaniuliza kwa Kiarabu,
nikamjibu, nikaenda vizuri, nikakwama
kwenye neno "kinyume".
Akacheka. "Sema Kiswahili tu, mama.
Mie Hilali, nimezaliwa Bujumbura."
Akanitamkisha jina la seva herufi kwa herufi,
akaliandika, akanisomea.
"Sasa ukiulizwa namba hii ya nani, jibu lipo.
Lakini ngoja mpaka kesho saa kama hizi.
Huko nje wanakumbuka majibu ya jana."

Nikangoja. Nikafua. Nikapanga tende upya.
Nikaangalia kiboksi, taa yake ya kijani
ikipepesa kwa utulivu wa asiyejua kosa lake.

Kesho yake nikamwandikia Thuweini mstari mmoja:
Hodi, ni mimi, Ruqaiya binti Mahfudh, wa Al-Khodh.

Dakika mbili hazikutimia.
"Karibu. Imefika mlango wa mbele.
Nani tena amekufa?"

Hakuna, nikamwandikia. Wote wazima.
Kisha nikakaa na kidole juu ya kitufe,
kwa kuwa sikuwahi, toka niwe na seva hii,
kumpelekea mtu barua isiyo na maiti wala harusi,
na sikujua sentensi ya pili inaanzaje.